Giaboksi Iliyogoma Kwenda Mbele

Gari liligoma kwenda mbele siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kati ya kituo cha mafuta na shule ya msingi. Fundi cherehani alikuwa kwenye usukani. Kaka yake mkubwa alikaa kiti cha pembeni, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mzigo anaomshikia mtu mwingine. Walikuwa wanakwenda hospitali ya wilaya kwenye mazoezi ya viungo, kama walivyofanya kila Jumanne na Ijumaa kwa miezi saba. Injini ilinguruma vizuri. Aliweka gia ya kwenda mbele, akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, gari likabaki palepale. Akaweka gia ya nyuma. Gari likarudi nyuma bila ubishi wowote.

Alijaribu mara nne. Kisha akageuza shingo, akaegemeza mkono kwenye kiti cha kaka yake, akarudi nyumbani kinyumenyume, kilomita moja na ushee. Mwendesha pikipiki mmoja aliwasindikiza akipiga honi. Mwanamke aliyekuwa anafagia mbele ya duka aliuliza kwa sauti, "Mama, umesahau nini huko ulikotoka?" Fundi cherehani alikuwa na kazi ya kukwepa kuta za watu. Kaka yake alicheka njia nzima, kwa upande mmoja wa mdomo.

Huyo kaka alikuwa fundi magari kwa miaka thelathini na moja. Mtaani walimwita Kumi na Saba, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila spana namba kumi na saba kwenye mfuko wa nyuma, hata misibani. Kiharusi kilimpata asubuhi moja akiwa ananyoa ndevu. Kilimwachia mguu wa kulia unaoburuta, mkono wa kulia usiofanya lolote, na neno moja tu: bado. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini chochote alichotaka kusema kilitoka kikiwa neno hilohilo. Dada yake, aliyemchukua akae kwake, alikuwa amekwisha kulijifunza. Bado ya haraka ilikuwa ndiyo. Bado ya kuvuta ilikuwa hapana. Bado mbili mfululizo zilikuwa na maana kwamba unaharibu kitu, acha sasa hivi.

Gari lenyewe lilikuwa la Kumi na Saba, gari la zamani la magurudumu manne ya kuvuta, lenye umri wa mtoto wa kwanza wa dada yake, naye huyo alikuwa ameshaoa. Lilikuwa la otomatiki. Barabara ya kwenda hospitali ilimalizikia kwenye mlima wa udongo mwekundu ambao teksi ziliukwepa hata siku za jua, na mgonjwa wa mguu mmoja hapandi pikipiki. Kwa hiyo bila gari hakuna mazoezi, na mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameshaonya kwamba mwaka wa kwanza ndio wenyewe. Viungo vikizoea kulala, basi tena.

Mafundi wawili waliitwa. Wa kwanza alichungulia uvunguni, akajifuta mikono ingawa hakuwa amegusa chochote. "Mama, giaboksi za otomatiki mimi sigusi. Ya kukanyaga kleche niletee hata kesho." Wa pili alisema hayo hayo kwa maneno mengi zaidi. Walipoondoka, Kumi na Saba alinyanyua fimbo yake ya kutembelea, akamgusa dada yake begani, halafu akaielekeza kwenye gari.

"Mimi?" dada akauliza.

"Bado." Ya haraka.

Mume wa fundi cherehani, karani wa masjala ya ardhi aliyekaribia kustaafu, aliusikia mpango huo mezani jioni.

"Mke wangu, wewe unashona magauni."

"Mikono ninayo mimi, kichwa anacho yeye. Ukijumlisha unapata fundi mmoja."

"Na nusu ya mgonjwa."

"Shemeji yako anakusikia."

"Bado," alisema Kumi na Saba, huku anaendelea kula.

Walianza Alhamisi, kwenye banda la bati lililo ubavuni mwa nyumba. Gari lilinyanyuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya vigogo vinne, na kaka akakaa kwenye stuli mahali anapoona uvunguni. Kazi ya kwanza ilikuwa kumwaga oili. Oili ya giaboksi ya namna ile huwa nyekundu ya kung'aa. Hii ilitoka nyeusi, na harufu yake fundi cherehani aliijua papo hapo: ilikuwa ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Kaka alichovya kidole cha kushoto, akasugua, akamwonyesha. Kulikuwa na chembechembe nyeusi kama unga wa mkaa.

"Kimeungua kitu ndani," dada akasema.

Ya haraka.

Siku tatu zilikwenda katika kufungua tu. Zilitoka shafti mbili, ya mbele na ya nyuma. Ikatoka giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele. Zikatoka bomba, nyaya, na bolti ambazo nyingine zilitaka afungue akiwa amelala chali na shavu limegusa chesisi. Kaka alielekeza kwa fimbo, na fimbo isipofika alichora kwa chaki sakafuni. Mwanzoni mume alipita bandani kana kwamba hapaoni. Siku ya pili aliona bolti zimerundikwa kwenye beseni, akashindwa kuvumilia. Alirudi na bahasha za kaki, kalamu na daftari.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Kwenye kengele, hapo giaboksi inapokutana na injini."

"Juu au chini?"

"Mbili za juu ndefu, nyingine fupi."

Akaandika. Kufikia Jumamosi kila nati ilikuwa na bahasha yake, kila bahasha na namba ya jalada, na karani alikuwa amekataza mtu yeyote kuchukua kitu bila kutia saini. Yeye ndiye aliyesukuma jeki ya magurudumu pale giaboksi, iliyofungwa mkanda juu ya ubao, iliposhuka taratibu kutoka mahali ilipokuwa. Ilikuwa nzito kama mtu mzima aliyeshiba. Waliiburuta hadi kwenye meza ndefu ambayo kwa kawaida fundi cherehani hukatia vitambaa. Alikuwa ameitandika magazeti.

Kuifungua ndani kulihitaji uvumilivu, na huo alikuwa nao. Chini kabisa palikuwa na bamba nene la chuma lenye vijia vingi vinavyopinda kama nyumba ya mchwa. Humo ndimo oili hupita kwenda kuamrisha gia. Alipolinyanyua, gololi ndogo za chuma zikadondoka na kukimbia kila upande. Kaka akasema bado mbili, akiwa amechelewa. Waliokota saba. Alama kwenye vijia zilionyesha makao manane. Dada alileta sumaku anayookotea pini, akapiga magoti, akapitisha chini ya meza, kwenye nyufa za sakafu, chini ya magazeti. Gololi ya nane ilipatikana kwenye pindo la suruali ya Kumi na Saba.

"Ungelala nayo," akamwambia.

Jumatatu alasiri walifika kwenye ngoma ya gia ya mbele. Ni kopo la chuma ambalo ndani yake visahani vyembamba vimepangwa kama biskuti. Oili inasukuma pistoni, pistoni inavibana visahani pamoja, gari linakwenda. Visahani vilikuwa vimeungua hadi vikapinda. Hilo walilitarajia. Aliondoa visahani, akatoa pete ya kufungia, springi, kisha pistoni yenyewe, akaigeuza kwenye mwanga.

Sili ya mpira iliyoizunguka pistoni kwa ndani ilikuwa na mdomo mwembamba, unaotakiwa kulala upande mmoja kote. Sehemu moja, urefu wa ukucha, mdomo ulikuwa umejikunja chini yake wenyewe. Mtu aliyeshona pindo maisha yake yote hahitaji miwani kuona pindo lililojikunja. Oili ilikuwa inavuja hapo, pistoni haibani sawasawa, visahani vinateleza na kuungua kidogo kidogo, safari kwa safari, mpaka Jumanne ile. Lakini mpira wenyewe haukuwa umechakaa. Ulikuwa laini, mpya. Na kwenye ukuta wa ngoma palikuwa na mikwaruzo mingi mifupi, ya bisibisi iliyoteleza na kurudiwa, ikateleza na kurudiwa.

Giaboksi ile ilifunguliwa mara moja tu kabla ya hapo. Kumi na Saba aliifungua mwenyewe, akabadilisha sili zote, wiki tatu kabla ya kiharusi. Alijisifu sana kwamba wengine wanaziogopa, yeye haogopi.

"Kaka. Hii uliifunga wewe."

Kaka aliitazama pistoni. "Bado," akasema, na haikuwa ya haraka wala ya kuvuta.

"Wewe hufungi hivi. Mkono ulikuwa umeshakufa ganzi?"

Kwa mkono wa kushoto aligusa vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja: cha mwisho, cha pete, cha kati. Akanyanyua vidole viwili.

"Siku mbili?"

Ya kuvuta.

"Wiki mbili?"

Ya kuvuta.

"Miezi miwili?"

Ya haraka.

Fundi cherehani aliiweka pistoni juu ya gazeti. Alizungumza bila kupaza sauti. "Miezi miwili kabla ya kiharusi. Ulikuwa unakuja kwangu kila Jumapili. Unakaa kwenye kiti changu, unakunywa chai kwa mkono wa kushoto, nakuuliza kulikoni, unaniambia wa kulia una grisi. Hospitali ipo. Dawa zipo. Ukakaa kimya ili watu wasiseme Kumi na Saba ameishiwa mikono."

Alikwenda bombani akanawa kwa sabuni na sukari, mara tatu, kwa sababu chumbani kulikuwa na gauni jeupe la harusi la Jumamosi na bibi harusi alikuwa anakuja kupima. Bibi harusi alipofika alizitazama kucha za fundi wake kwanza, gauni baadaye.

"Mama, hizo ni nini?"

"Oili. Simama wima, usihemee juu."

Siku nne hakukanyaga bandani. Alishona. Kaka yake alikaa kwenye stuli mbele ya giaboksi iliyo wazi kuanzia asubuhi hadi jua lilipopita bati, na walipokutana mezani walipitishiana chumvi kama wapangaji wa nyumba moja. Jumanne mazoezi yalikosekana, Ijumaa pia. Wiki ya pili hiyo. Mtaalamu wa mazoezi alipiga simu. Mume ndiye aliyepokea, akasema kuna hitilafu. Hakufafanua ya nini.

Mume, akidhani anasaidia, alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja Jumamosi asubuhi na mkokoteni, mtu mnene mchangamfu aliyeliita kila gari marehemu. Kabla hajafika kwenye gari, Kumi na Saba alikuwa ameburuta mguu wake hadi kwenye kasha tupu la giaboksi, lililowekwa sakafuni, akalikalia.

"Mzee, naomba uinuke tulipakie."

"Bado."

"Sawa, tunasubiri. Umalize kupumzika."

"Bado."

"Utamaliza saa ngapi?"

"Bado."

Mnunuzi alimgeukia karani. "Mzee wenu ana msimamo."

"Ni shemeji yangu," karani akasema, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu.

Fundi cherehani aliyasikia yote kupitia dirishani. Bibi harusi alikuwa ameshachukua gauni lake. Chumbani hakukuwa na kilichobaki cha kushona isipokuwa suruali ya mumewe. Alichukua kibweta chake cha nyuzi, akatoka, akamshukuru mnunuzi kwa kufika, akamfungulia geti. Kisha akasimama mbele ya kaka yake.

"Hasira zangu zipo palepale, usije ukadhani vingine," akamwambia. "Inuka, nataka kuangalia ile ngoma."

Mchana huo alipanda basi kwenda mjini, duka la vipuri, ameifunga sili ya zamani kwenye leso. Muuzaji aliigeuza mkononi.

"Sili hizi zipo, visahani vipo. Ila mwambie fundi awe mwangalifu, ya ndani inajikunja ovyo."

"Najua. Ilijikunja."

"Basi mwambie fundi—"

"Fundi ni mimi."

Muuzaji alimtazama, kitambaa cha kichwani hadi viatu. "Fundi wa nini, mama?"

"Wa magauni," akasema. "Na visahani nipe seti nzima, usinitolee vilivyokaa juani."

Kufunga sili mpya ndiko kulikomshinda Kumi na Saba kwa mkono uliokufa ganzi. Pistoni inashuka ndani ya ngoma kwa kubana, na mdomo wa mpira unataka kugeuka kila inaposukumwa. Kaka alimwonyesha njia yake: bisibisi nyembamba, kuuchomeka mdomo ndani hatua kwa hatua. Dada aliitazama bisibisi, akairudisha mezani. Alikata kipande cha uzi wa nailoni, ule mnene wa kushonea mabegi, akaufanya kitanzi, akaupaka oili. Aliuzungusha kitanzi hicho katikati ya mpira na chuma, taratibu, kama anavyogeuza kola, na mdomo ukaingia bila kukunjwa popote. Akavuta uzi ukatoka. Pistoni ikashuka, ikatulia.

Kumi na Saba aliinama, akapitisha kidole cha kushoto kwenye ukingo, mzunguko mzima, halafu akaanza tena upya.

Walijaribu kwa upepo kabla ya kufunga lingine lolote. Miongoni mwa vifaa vya Kumi na Saba kulikuwa na kompresa ndogo ya kujazia matairi. Dada aliushikilia mpira wa kompresa kwenye tundu la oili, karani akawasha. Pistoni ikaruka kwa mlio mzito, ikabana visahani, ikabaki imebana. Walisikiliza kama kuna upepo unaovuja. Hakukuwa na sauti yoyote.

Kurudisha vitu kulichukua siku nne, na daftari la karani likawa ndilo bosi wa banda. Bolti ilipokosewa, alisoma namba ya jalada kwa sauti ya ofisini. Penye kazi kubwa palikuwa ni lile bakuli kubwa la chuma, mviringo kama boga, linalokaa kati ya injini na giaboksi. Linatakiwa kuingia kwa hatua tatu, kila moja na mlio wake. Kaka alinyanyua vidole vitatu ili wasisahau. Mlio wa kwanza ukaja upesi, wa pili baada ya kulizungusha kidogo. Wa tatu haukuja.

"Limeingia," karani akasema. "Tazama, limekaa vizuri."

"Bado, bado."

Waliligeuza kwa dakika arobaini, kulia, kushoto, wakilisukuma kwa kiganja. Karani alikuwa ameanza kueleza kwamba pengine giaboksi za zamani zina milio miwili tu, bakuli likazama kwa ukucha mmoja na mlio wa tatu ukasikika. Akafunga daftari, akaenda kunywa maji.

Alhamisi saa tisa alasiri walimimina oili mpya, nyekundu. Gari likiwa bado juu ya vigogo, fundi cherehani aliwasha injini, akaiacha ipate joto, akakanyaga breki na kuweka gia ya nyuma, akaachia. Magurudumu yakazunguka kurudi. Akakanyaga tena, akaweka gia ya mbele. Magurudumu yalikaa palepale kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Halafu gari zima likatikisika mara moja, na magurudumu yakaanza kuzunguka kwenda mbele.

Karani alipiga makofi, kisha akaona aibu, akaikunja mikono kifuani. Kumi na Saba alifumba macho. Alikuwa anasikiliza.

Walilishusha. Dada aliliendesha hadi shule ya msingi na kurudi, kaka pembeni yake. Lilivuta sawasawa. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu liliwapiga kikumbo, kila mara, bila kukosa. Kaka alimwashiria asimame, akatafakari, akapunga mkono wa kushoto: liache. Kufungua tena kwa ajili ya kikumbo hakukuwa na maana, na kikumbo hicho kipo hadi leo.

Ijumaa walikwenda hospitali. Mlima wa udongo mwekundu ulikuwa umelowa, gari likaupanda na magurudumu yote manne bila kusita. Mtaalamu wa mazoezi alilalamika, na alikuwa na haki. Bega lilikuwa limekaza, na alichokuwa amekipata mgonjwa kwa mwezi mzima alitakiwa kukitafuta upya. Alimlaza Kumi na Saba kitandani, akaanza kuunyoosha mkono wake kidogo kidogo.

Fundi cherehani alikwenda chumba cha pili, kwa daktari anayeshika faili la kaka yake, akamweleza habari ya vidole vilivyokufa ganzi miezi miwili kabla. Daktari aliandika. Aliuliza kama baba yao alikuwa na shinikizo la damu.

"Alikufa ghafla shambani. Hatukujua ya nini."

"Na wewe, lini ulipimwa mara ya mwisho?"

Alifikiri. "Nilipojifungua."

"Huyo mtoto ana miaka mingapi?"

"Ameoa."

Muuguzi alimkalisha kwenye benchi, akamfunga mkanda wa kupimia kwenye mkono, akaujaza upepo hadi ukambana. Aliusoma mshale, akaulegeza, akasubiri dakika tano, akapima tena, akaandika namba zilezile. Alimuuliza kama kichwa huwa kinamuuma asubuhi.

Angeweza kusema ni kwa sababu ya kuinamia cherehani. "Ndiyo," akasema. "Tangu mwaka jana."

Alitoka na pakiti mbili za vidonge na karatasi ya kurudi baada ya wiki mbili. Kaka yake alikuwa ameshafika kwenye gari, amejifunga mkanda mwenyewe, kwa mkono mmoja. Aliziona zile pakiti. Alimtazama dada yake, kisha akanyoosha kiganja cha kushoto. Akazichukua, akasoma maandishi ya kwanza na ya pili bila haraka, kama anavyosoma namba za vipuri, akaziweka kwenye kikasha cha mbele, akakifunga.

Dada aliwasha injini, wakaanza kuushuka mlima.